Kidumu cha Tembo Hakifungwi

Kidumu cha tembo hakifungwi. Kifuniko huzungushwa nusu, au mdomo ukazibwa kwa kipande cha jani, ili pumzi ipate pa kutokea. Ukikikaza kama unavyokaza kidumu cha mafuta taa, utaokota vipande kwenye kiti cha nyuma. Haya nilikumbushwa Garsen, saa moja na ushei asubuhi, na mgema aliyekuwa ametoka kwenye mikoma yake sasa hivi, kotama ikiwa bado mkononi.

“Usikaze, mzee. Kitakupasukia.”

Mpwa wangu alicheka. Ndani ya sanduku letu la barafu alikuwa na kinywaji cha namna nyingine kabisa: mkebe mmoja wa bia, umezibwa hata sisimizi hajui pa kuanzia. Alikuwa ameutoa Portland, jimbo la Oregon, anakofanya kazi, akauvingirisha ndani ya soksi tatu na sweta moja, akauvusha viwanja vitatu vya ndege. Nyuma yake pamepigwa mhuri wa tarehe ya kiwandani, wiki ya pili ya Septemba. Sisi tulikuwa tunaelekea Krismasi.

Safari ilikuwa ya Chewele, wadi ya eneo bunge la Bura, kaskazini mwa Kaunti ya Tana River, ambako dada yangu, mama yake kijana huyu, ni mwalimu. Kijana alikuwa na hamu ya mama yake. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa na hamu ya mkebe. Miezi mitatu alikuwa akiniandikia juu ya bia hii kana kwamba ni mchumba: eili ya rangi hafifu, imepikwa na kiwanda kidogo cha mtaani kwao, imetiwa hopsi mbichi. Si kavu. Mbichi, zilizochumwa asubuhi na kuingia chunguni kabla jua halijazama.

Wengi wetu tumekunywa hopsi maisha yetu yote bila kujua tunakunywa nini. Ni ua. Mmea wake hutambaa na kupanda, na shambani hufungiwa kamba zinazoning'inia kutoka kwenye waya ulio juu kiasi cha mita tano na nusu. Unaovunwa ni mmea wa kike tu, nao huzaa koni ndogo za kijani, laini, kama tunda la msonobari lililotengenezwa kwa karatasi. Ukiipasua koni katikati utaona unga wa manjano unaonata vidoleni. Unga huo ndio uchungu wa bia na ndio harufu yake. Ndugu wa karibu wa mmea huu ni bangi. Wataalamu wa mimea wamewaweka katika ukoo mmoja, na aliyewahi kupita karibu na vyote viwili hatahitaji cheti cha chuo kikuu kukubali.

Mpwa wangu alitamani kuniletea na koni zenyewe ili nizipasue kwa mkono wangu. Nikamwambia asithubutu. Mmea hauingii Kenya bila kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea, na sikutaka Krismasi yetu iishie kwenye meza ya ukaguzi.

Kabla ya kuondoka Garsen nilionja tembo palepale, kwenye kikombe cha plastiki. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyosuuza chombo cha maziwa. Utamu wa mua, kisha mchomo mdogo ulimini, kisha harufu ya unga uliokandwa na kuachwa dirishani. Lilikuwa la usiku uleule. Sikumsifu mgema, methali naijua, na maji ya Tana hayako mbali.

Hapo nikawaza juu ya sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliipachika jina la mbunge wake, Mututho, inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na zote zifungwe saa tano usiku. Sina ugomvi na nia yake. Lakini ni saa za chupa hizo. Chupa inaweza kukaa rafuni ikisubiri saa kumi na moja. Mkoma ulioparwa jana jioni umeshajaza chombo alfajiri, na tembo lake la saa kumi na moja jioni ni kinywaji kingine kilichobaki na jina lilelile.

Maana utomvu ukishatoka mtini hauna subira. Hamira za porini zinauingia kupitia hewa, kupitia wadudu na kupitia chombo chenyewe, ambacho mgema haoshi sana, na ana sababu. Sukari inageuka kileo kwa saa chache. Nyuma ya hamira wanafuata bakteria wa uchachu, wale wa jamii ya wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu, na nyuma yao wale wa siki. Ndiyo maana Pwani tuna tembo tamu na tembo kali, na baada ya hapo siki, vyote kutoka mti mmoja. Kinachobadilika ni saa.

Barabara ya kutoka Garsen kwenda Hola ni ya lami na imenyooka, ina joto linalotetemeka mbele yako kama maji. Mto uko kulia, huuoni, unauona msitu wake tu, ukanda wa kijani kizito katikati ya nchi ya vichaka vya kijivu. Kabla ya Hola ipo hifadhi ya nyani wa Tana, iliyotengwa mwaka 1976, makao ya mangabe wa Tana na mbega wekundu ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha mwaka 1992, katika jarida la Conservation Biology, uchunguzi wa jinsi watu na nyani wanavyogombea mti mmoja, mkindu: nyani wanataka tunda, watu wanataka jani la kusukia na shina la kujengea. Nilimsimulia mpwa wangu. Akauliza kama mkoma nao hauumii. Unaumia. Ili upate tembo unachonga kilele, na shina lililochongwa kileleni mwisho wake ni kufa. Mkoma unaokoka kwa kuwa huchipua mashina mengine pembeni. Tembo kidogo lina bei ambayo haiandikwi kwenye kidumu.

Nyuma ya kiti changu kidumu kilikuwa kikipumua. Unasikia kabisa: fss, kimya, fss. Gari zima lilikuwa limeanza kunuka mkate.

Tulipopita Hola, mpwa wangu alianza kunieleza jinsi ile bia yake ilivyotengenezwa. Mwisho wa Agosti mashamba ya bonde la Yakima, jimbo la Washington, yanaanza kuvunwa. Kwa kawaida koni huingizwa tanurini siku ileile, maana zikirundikwa mbichi zinajichoma zenyewe kama nyasi za boma. Zikitoka tanurini zimebaki na unyevu wa takriban asilimia 10, zinasagwa, zinafinyangwa kuwa punje, zinatiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kutoka hapo zinaweza kwenda popote, hata kiwanda chetu cha bia cha Ruaraka. Lakini kwa wiki chache za mavuno wapo wapika bia wanaotuma lori kwenda kuchukua koni kabla ya tanuri. Kutoka Yakima hadi Portland ni kama kilomita 300, masafa ambayo kwetu hayatofautiani sana na kutoka Malindi kuja Bura. Lori likifika usiku watu wamesimama mlangoni, kimea kinachemka. Koni mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo zinahitajika mara nne, tano au hata sita ya uzito wa zile kavu. Humiminwa chunguni kwa magunia.

Desturi hii ni changa. Kiwanda cha Sierra Nevada cha California kilipika bia yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1996, kwa koni zilizosafirishwa kutoka Yakima. Kiwanda hichohicho ndicho kilichoanza mwaka 1980 kuwazoesha Wamarekani eili yenye hopsi ya Cascade, aina iliyozalishwa Oregon na watafiti wa serikali na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Kabla ya hapo bia ya Marekani kwa kawaida ilikuwa laga nyepesi isiyomkera mtu, jamaa ya karibu na ile ambayo mhudumu wa baa zetu hukuuliza: ya moto ama ya baridi?

Kinachonishangaza mimi ni jambo la zamani zaidi. Waingereza walikunywa eili karne nyingi bila hopsi yoyote. Ilipikwa nyumbani, mara nyingi na wanawake, ikauzwa kwa majirani na kunyweka kwa siku chache kabla haijachacha. Kwa maneno mengine, ilikuwa tembo. Hopsi iliingia Uingereza kutoka ng'ambo ya bahari, kwa Waholanzi na majirani zao, katika karne ya 15. Wajerumani walikuwa wameshaijua: mtawa Hildegard wa Bingen aliandika tangu karne ya 12 kwamba uchungu wake huzuia kinywaji kisioze. Leo tunajua kwa nini. Uchungu huo huwalemaza bakteria wa uchachu, walewale walio kwenye kidumu changu, huku hamira ikiendelea na kazi yake bila taabu.

Kwa hiyo hopsi ndilo ua lililoifundisha bia kusafiri. Bila hilo pipa lisingevuka bahari kwenda India, wala wakoloni wasingeota kufungua kiwanda Ruaraka, ambako kreti 10 za kwanza zilitoka Desemba 1922 kwenda hoteli ya Stanley. Tembo halikupata mlinzi wa namna hiyo, likabaki nyumbani. Waethiopia wana majani ya gesho wanayotia kwenye teji, yenye uchungu wa aina hiyo, lakini teji nayo haikuvuka bahari kwa mapipa. Na sasa, baada ya miaka mia tano ya kuisifu hopsi kwa kuipa bia umri mrefu, watu wa Oregon wameitia mbichi na kupata bia isiyoweza kungoja. Harufu inayotafutwa ndiyo ya kwanza kuondoka. Wenyewe wanashauriana kuinywa ndani ya wiki chache.

Nikamtazama mpwa wangu. “Na wewe umeileta baada ya siku mia moja.”

“Mjomba, kulikuwa na njia gani nyingine?”

Tulifika Chewele adhuhuri. Salamu za mama na mwana sizisimulii. Kila mtu ana mama. Tukala wali na samaki wa mtoni, tukalala kidogo kama inavyopasa mahali penye joto lile, na saa kumi tukakaa chini ya mwarobaini, kidumu upande mmoja, mkebe upande mwingine, glasi tatu za chai katikati.

Wapokomo wa huku juu, tofauti na jamaa zao wengi wa kuelekea baharini, ni Waislamu, na Waorma vilevile. Kileo hakianikwi uani. Dada yangu alituchagulia mwarobaini huo kwa sababu umejificha nyuma ya jiko, na akatuonya tusiwe na sauti kama za watu wa stendi. Kwa hiyo tuliinywa bia ya kusifiwa kwa kunong'ona.

Mkebe ulipofunguliwa ulitoa sauti ileile ya kidumu, mara moja tu. Bia ilikuwa ya dhahabu yenye ukungu, povu jeupe lililokaa. Nikanusa. Ganda la chungwa lililokaushwa juani. Utomvu wa msonobari. Nyuma yake kitu kisichopendeza, karatasi ya boksi iliyolowa, ambayo ni harufu ya bia iliyokutana na hewa na joto. Nikaonja. Uchungu ulikuwepo, mpole, unaofika mwisho wa ulimi na kubaki kama pilipili manga. Utamu wa kimea ulikuwa umejitokeza mbele kuliko inavyofaa. Ningeipata baa ya Nairobi ningeilipia bila kulalamika.

Mpwa wangu aliinywa akashusha glasi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyempeleka mchumba kwao akakuta hana la kusema.

“Hii si ile, mjomba. Ile ilikuwa inanuka shamba. Kijani. Kama ukivunja kitu.”

“Ukivunja nini?”

Hakuweza kusema. Tukahamia kwenye tembo, nalo lilikuwa limeshafika saa zake. Utamu wa asubuhi haukuwepo. Lilikuwa kali, chachu kama maziwa lala, linapanda puani. Dada yangu, ambaye hunywa robo glasi kwa mwaka, alisema hilo ndilo afadhali, angalau limebadilika kwa wazi. Hivyo tulikaa na vinywaji viwili vilivyochoka na safari, kimoja cha saa tisa na kimoja cha siku mia, na kwa haki ya Mungu sikuweza kusema kipi kimechoka zaidi.

Ndipo akatokea jirani, mzee mwenye shamba la miembe kando ya mto, amebeba ndoo ya maembe kwa ajili ya mgeni kutoka Marekani. Tuliamka kwa haraka ya watoto wa shule. Mpwa wangu akamwamkia, “Shikamoo, mzee,” huku mguu wake ukisukuma mkebe nyuma ya kinu.

“Marahaba, mwanangu. Usihangaike, nimeshaona. Mimi sinywi, macho yangu hayakukatazwa.” Akaweka ndoo chini, akakaa mbali kidogo, upande upepo unakotoka, kisha akakunja pua. Upepo ulikuwa umezunguka. “Lakini mbona kinywaji chenu kinanuka embe?”

Tukatazamana. Mpwa wangu alisema hakuna embe ndani, ni shayiri, maji, hamira na ua fulani.

“Si nyama ya embe,” mzee alisema. “Ni maji yake. Yale ya kikonyo.”

Akachagua ngowe moja ambalo halijaiva sawasawa, lenye kijiti chake bado, akalishika mbali na uso, akavunja kikonyo kwa kidole gumba. Utomvu ukaruka, kisha ukatiririka juu ya ganda, maji meupe yanayochoma ngozi ambayo kila mtoto wa Tana hukanywa asijipake machoni. Harufu ikatufikia wote kwa pamoja: kali, kijani, ya nyasi iliyokatwa na limau na kitu kama tapentaini.

Mpwa wangu alisimama. “Hiyo! Mama, ndiyo hiyo!”

Baadaye usiku, mtandao uliporudi, nilisoma. Kiungo cha harufu kinachoongoza katika mafuta ya aina nyingi za hopsi huitwa mirsini. Ni chepesi mno, huruka kwa joto, na sehemu yake kubwa hupotelea tanurini na chunguni. Kinachosalia ndicho kinachoipa bia ya hopsi mbichi ule ukijani wake wa siku chache. Mirsini hiyohiyo imo ndani ya mchaichai na ndani ya embe, hasa kwenye utomvu wa kikonyo. Mzee asiyewahi kuonja bia alikuwa ameikamata ile chembe ya mwisho iliyobaki mkebeni, toka umbali wa hatua nne, kwa sababu amevunja vikonyo vya maembe maisha yake yote.

Lakini jioni ileile, kabla hajaondoka, mzee alitaka kujua kama ua hilo linaweza kupandwa Chewele. Swali zuri, maana mahali hapa pamejaribiwa mengi. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulileta pamba na walowezi kutoka pande zote za Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kabla muongo haujaisha pamba ilikuwa imekwama. Maji yapo, jua lipo. Lakini hopsi inataka kitu ambacho mto hauwezi kuleta: mchana mrefu. Hustawi vizuri kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, ambako mwezi Juni jua la Yakima hukaa angani karibu saa 16, kisha siku zikianza kufupika mmea unajua ni wakati wa kutoa maua. Chewele iko kama nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Hata wakulima wa George, kule Afrika Kusini, walilazimika kuwasha taa mashambani kuongeza mchana kabla hawajapata aina zinazoridhika na siku fupi.

“Kwa hiyo linataka adhana ya magharibi icheleweshwe,” mzee alisema. Akakataa chai, akaenda zake.

Tulivunja vikonyo vya ndoo nzima. Tukanusa mpaka vidole vikawasha. Mpwa wangu alijaribu kunywa bia iliyobaki huku ameshika embe chini ya pua, akadai imerudi kidogo. Nilijaribu pia. Sikatai. Lakini mtu aliyeshika embe la Tana lililotoka mtini leo hana sababu kubwa ya kuendelea kushika glasi, na punde glasi zote mbili zilikuwa chini, visu vimetoka.

Tembo lililosalia hatukulimwaga. Dada yangu alilikandia unga usiku, kama mama yetu alivyofanya zamani hamira ya dukani ilipokosekana, akafunika beseni kwa kanga. Alfajiri unga ulikuwa umeinua kanga ile. Tulikula mahamri na chai, uchachu wa tembo ukiwa umebaki kidogo sana katikati, huku nje mtoto wa jirani akikokota mkebe wa Oregon kwa kamba. Ulikuwa umeshawekewa magurudumu manne ya vifuniko vya chupa, na ulikuwa unaenda vizuri.